Mkiandaa mhadhara wa maadili na teknolojia, anzeni na kesi

Kuna mihadhara ya chuo kikuu ambayo ukiona bango lake tu unajua yote yatakayosemwa. "Akili Unde na Mustakabali wa Afrika" ni mmojawapo. Msemaji atasema teknolojia ina faida na hasara zake, atahimiza sheria zitungwe, vijana wataambiwa wao ndio viongozi wa kesho, kisha chai. Nimeikalia mihadhara ya namna hiyo mingi, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa pia upande wa wanaoiandaa, katika chuo kimoja hapa Nairobi. Vyama vya wanafunzi vinaponiomba ushauri huwa nawaambia jambo moja: acheni mada, tafuteni kesi. Kesi ya mahakamani hasa, yenye walalamishi na hukumu unayoweza kuisoma.

Hapa Kenya hazitupungui. Mwishoni mwa Julai 2023 watu walipanga foleni ndefu katika Jumba la KICC ili wapigwe picha za mboni za macho na kifaa cha Worldcoin, mradi wa sarafu ya kidijitali wa kampuni ya kigeni. Malipo yalikuwa sarafu za kidijitali zenye thamani ya takriban shilingi 7,000. Tarehe 2 Agosti serikali ikasimamisha shughuli hiyo. Mei 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba data hizo zilikusanywa kinyume cha sheria, ikaagiza zifutwe ndani ya siku 7 chini ya usimamizi wa Kamishna wa Data.

Weka kisa hicho mezani, uone. Wa falsafa atauliza kama mtu asiye na kodi ya nyumba anaweza kusemwa ametoa ridhaa kwa hiari akionyeshwa shilingi 7,000. Katika mjadala mmoja kijana wa uchumi alisimama akasema jicho ni lake, na akitaka kuliuza serikali haimhusu. Ukumbi ulicheka, lakini hakuna aliyemjibu upesi. Mwanafunzi wa sheria aliyejaribu ilibidi aeleze kwa nini nywila iliyoibwa hubadilishwa ilhali mboni haibadilishwi, na hapo wa kompyuta wakaingia. Kwa maoni yangu dakika zile zilizidi makongamano mazima niliyohudhuria kwenye hoteli za kifahari.

Msiishie kwenye kampuni, maana ni rahisi mno kukubaliana kwamba kampuni ya kigeni ni mbaya. Ongezeni kesi ambayo mshtakiwa ni serikali yenu wenyewe. Huduma Namba, mpango wa serikali wa kumpa kila mtu nambari moja ya utambulisho, inafaa sana. Usajili ulifanyika 2019, na miongoni mwa waliokwenda kortini walikuwa Nubian Rights Forum, shirika linalotetea haki za jamii ya Wanubi. Usiseme neno "mfumo" kabla ya kueleza kwa nini Wanubi walihusika: kwa miaka mingi kijana Mnubi wa Kibra akitaka kitambulisho alifikishwa kwanza mbele ya kamati ya kumhoji, jambo ambalo jirani yake wa kabila jingine hakulipitia. Sasa ukijenga usajili mpya juu ya vitambulisho vya zamani, aliyenyimwa kitambulisho atanyimwa na kila kitu kinachofuata, tena na mashine isiyosikia maelezo. Januari 2020 majaji watatu waliruhusu mpango uendelee iwapo tu kungekuwa na mfumo kamili wa sheria, wakakataza kukusanywa kwa DNA na kunaswa kwa mahali mtu anapoishi kupitia GPS. Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah akatengua utoaji wa kadi, kwa kuwa serikali haikuwa imetathmini athari kwa data za watu kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inavyotaka.

Tathmini hiyo inaonekana kitu kikavu, lakini mwanafunzi mmoja wa uhandisi aliuliza ina nini ndani, na jibu lilitupa nusu saa nzuri. Kifungu cha 31 cha sheria hiyo kinataka ueleze utakavyozitumia data, uonyeshe kwamba zinahitajika kweli na hazizidi kusudi lako, utaje hatari kwa haki za watu na utakavyozizuia. Jaribuni kuifanyia tathmini ile programu ya mahudhurio ya chuo chenu wenyewe.

Kuhusu maandalizi: hukumu zinapatikana bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Teueni kurasa tatu tu, zitumwe kwenye WhatsApp siku chache kabla, na atakayezisoma apewe maikrofoni kwanza. Maprofesa wanne kwenye meza kuu ni wengi. Mleteni mmoja, pamoja na wakili, na mtu aliyesimama kwenye foleni ile. Huyu wa tatu msimlazimishe Kiingereza. Akiongea Kiswahili, hata profesa hulazimika kushuka aeleweke. Salamu za itifaki zipewe dakika mbili (najua, hamtaweza). Na kama chakula kimelipiwa na kampuni ya teknolojia, itangazwe kabla msemaji hajafungua mdomo.

Kwa wasikilizaji, swali la "una maoni gani kuhusu" humpa msemaji nafasi ya kurudia hotuba. Uliza nani ana mamlaka ya kufuta data hizi, kwa kifungu kipi, na akikataa unamshtaki wapi.

Walio Tanzania nao wana pa kuanzia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na mwaka uliofuata Mahakama Kuu ilikuta baadhi ya vifungu vyake havieleweki vya kutosha. Waalikeni wanafunzi wa sheria wavisome kwa sauti, kisha wa kompyuta waseme wangeviandikaje upya.