Ukipata plota ya zamani ya kuchapia kurasa, anza na mstari wa mshazari

Katikati ya miaka ya 1980 nilikabidhiwa plota ya kielektrostatiki, yaani mashine ya kuchapa michoro kutoka kwenye kompyuta, iliyokusudiwa michoro ya kihandisi. Sisi tulitaka itoe kurasa za kitabu zilizopangwa kwa TeX, programu ya kupanga maandishi ya vitabu, kwa sababu mashine ya kupanga herufi kwa mwanga hatukuiweza kwa bei. Bado kuna watu wanaozifufua plota hizi, na ni kwa ajili yao ninaandika.

Plota ya aina hii haina kalamu. Ina safu ya sindano, yetu zilikuwa 2112, nukta 200 kwa kila inchi. Sindano hutia chaji ya umeme kwenye karatasi maalumu, kisha karatasi hupita kwenye wino wa majimaji na chembe za wino hunasa palipo na chaji. Wino huo una mafuta yanayoshika moto kwa urahisi, kwa hiyo fungua madirisha kabla ya kuiwasha.

Siku ya kwanza nilikimbilia kuchapa herufi. Zikatoka zimekatikakatika, na kwa siku tatu nikaitafuta kasoro ndani ya fonti, yaani seti ya maumbo ya herufi. Kumbe kebo ilikuwa inapeleka baiti, kila moja ikibeba nukta nane, mbilimbili zikiwa zimepishana: ya pili inatangulia, ya kwanza inafuata. Chora kwanza mstari mmoja wa mshazari kutoka pembe hadi pembe. Ukitoka vipandevipande vya nukta nane nane, shida iko kwenye mpangilio wa baiti. Kisha jaza ukurasa mweusi mtupu: ufito mweupe unaoshuka toka juu hadi chini unamaanisha sindano chafu au iliyokufa.

Jambo lililonitesa zaidi ni kwamba karatasi haipaswi kusimama katikati ya ukurasa. Ukurasa wa inchi 11 una mistari 2200 ya baiti 264, yaani baiti 580,800. Programu yangu ilikokotoa nukta huku ikizituma, na kompyuta ilikuwa ya watu wengi. Wenzangu wakianza kazi zao, data inachelewa, karatasi inasimama, wino unatuama na kuacha mkanda wa kijivu katikati ya aya. Nilitupa karatasi nyingi mno kabla ya kukubali kuandika ukurasa mzima kwenye diski kwanza, ndipo niutume kwa mkupuo mmoja. Fanya hivyo tangu mwanzo.

Karatasi yenyewe huathiriwa na unyevu: ikilowa hewa, chaji huvuja na herufi hufifia. Iache ndani ya chumba kile kile siku nzima kabla ya kuifunga kwenye plota.

Sasa fonti. Usichukue herufi zilizotengenezewa mashine nyingine ukazipunguza. Katika Computer Modern, fonti ya kawaida ya TeX, ya pointi 10 (pointi ni karibu 1/72 ya inchi), mguu mnene wa herufi una pointi 0.69, karibu nukta 1.9, mstari mwembamba una pointi 0.25, hata nukta moja haujatimia. Ukipunguza ovyo, “n” moja itakuwa na mguu wa nukta mbili na mwingine wa nukta moja, na jicho huliona hilo mara moja. Metafont, programu ya kutengenezea fonti hizo, huzikokotoa upya kwa ajili ya nukta 200 na kuweka miguu sawa. Kwa kuwa nukta ya wino hutanuka kupita nafasi yake, punguza weusi kidogo humo humo.

Njia iliyotufaa mwisho ilikuwa kuchapa kila kitu kikiwa kimekuzwa mara 1.44, na fonti zake zimetengenezwa kwa ukubwa huo, halafu mtengeneza sahani za kuchapia kiwandani akapunguza kwa kamera. Safu ya maandishi ya inchi 6.5 ikawa 9.36, ndani ya inchi 10.56 zinazofikiwa na sindano. Urefu haukutusumbua maana karatasi ni ya kuviringishwa. Baada ya kupunguzwa, nukta zikawa 288 kwa inchi. Nilipoishika sahani ya kwanza nikaisogeza dirishani, vijifundo vya “a” vilikuwa vimefungika vizuri na alama za hisabati zinasomeka hadi vipeo vyake vidogo.