Mkuu, usitume hiyo laki nne na nusu: rivyu ulizosoma si za miwani ya VR unayouziwa

Subiri kwanza. Kama hela bado iko kwenye simu yako, iache hapo hapo. Winga, yaani dalali anayekuuzia, akikwambia kuna mteja mwingine yuko njiani na bajaji, mwache huyo mteja afike aichukue.

Kwa wanaopita tu: mleta uzi amepata Oculus Quest nyeusi ya mtumba, GB 64, miwani ya VR inayokufanya ujione uko ndani ya gemu, kwenye fremu moja Kariakoo. Ameangalia rivyu za Half-Life: Alyx, Resident Evil 4 na Batman: Arkham Shadow, nyota zimemvutia, na muuzaji amemhakikishia kwamba "hii inacheza gemu zote za VR". Anauliza kama bei ni ya haki, kama kuna gemu ya mpira, na kama anaweza kuitumia kutoza watu kwa dakika pale Coco Beach.

Bei yoyote hapo ni kubwa, kwa sababu kati ya gemu hizo tatu miwani hiyo haifungui hata moja yenyewe. Sizungumzii kukwama kwama wala picha yenye ukungu. Haifungui.

Batman: Arkham Shadow ilitoka Oktoba 2024 na inacheza kwenye Quest 3 na Quest 3S peke yake, hata mwenye Quest 2 ataishia kuiona kwenye video. Resident Evil 4 ya Quest ilitoka Oktoba 2021 na ilianzia Quest 2. Half-Life: Alyx ya Valve, ya Machi 2020, ni gemu ya kompyuta: miwani inabaki kuwa skrini ya usoni na pedi mbili za mkononi, kazi yote inafanywa na kompyuta iliyounganishwa nayo. Kiwango cha chini walichoandika Valve ni prosesa ya Core i5-7500 au Ryzen 5 1600, RAM GB 12, na kadi ya picha ya GTX 1060 au RX 580 yenye GB 6. Wewe umesema una laptopu ya ofisini, RAM GB 8, picha za Intel za ndani. Hapo hakuna cha kuunganisha.

Hiyo nyeusi yenye kitambaa ubavuni ni Quest ya kwanza, ya 2019. Chipu yake ni Snapdragon 835, ile ya simu za 2017, na RAM yake ni GB 4. Quest 2 ya 2020 ilikuja na chipu ya XR2 na RAM GB 6, Quest 3 ya 2023 ikaja na XR2 Gen 2 na GB 8, na watengenezaji wa gemu wakahama nazo. Meta, wenye hiyo Oculus, waliacha kuiongezea Quest ya kwanza vipengele vipya 2023, masasisho ya usalama yakakoma Agosti 2024, na mwaka huo huo hata Beat Saber, gemu ya kukata vibox kwa mdundo wa muziki ambayo kila muuzaji anaitumia kuonyeshea miwani, ikaitupa mkono. Unachouziwa ni kifaa kilichofungiwa mlango, mkuu, na mlango wenyewe hausukumwi.

Kosa hili hili nimelilipia mpaka shilingi ya mwisho, ndiyo maana naandika kwa ukali. Maneno niliyoambiwa yalikuwa hayo hayo: "zote ni Oculus, kaka, tofauti ni rangi." Si rangi.

Winga namlaumu, lakini winga jana aliuza spika na kesho atauza feni, VR hajawahi kuivaa. Waliotuangusha kweli ni wanaotengeneza rivyu bila kusema wamevaa nini. Video ya dakika kumi na mbili, sauti nzito, muziki, nyota mwishoni, na hakuna mahali panapotajwa gemu ilichezwa kwenye kifaa gani. Mara nyingi hakuna aliyeicheza, picha zote ni za trela, na ukishajua cha kutazama utazitambua haraka. Trela inamwonyesha mchezaji kwa nje, au kamera inapita polepole kama iko kwenye reli. Picha iliyorekodiwa ndani ya miwani inatikisika na shingo ya mtu: akishtuka, dunia nzima inaruka, mikono inaingia na kutoka chini ya picha, akiinama kuokota risasi, sakafu inamjia usoni. Ukiangalia dakika tatu bila kuona ule mtikisiko wa shingo, huyo anakusomea tangazo, na wewe ndiye unayekwenda kutoa hela.

Sheria yangu ni moja na siilegezi kwa mtu: kabla ya nyota, tafuta sentensi inayotaja kifaa. Quest ipi, kompyuta yenye kadi gani, PlayStation ya ngapi. Usipoipata, funga rivyu hiyo, hata kama ameisifu vizuri namna gani.

Wengi wanadhani jina la gemu likiwa moja basi gemu ni moja. Chukua Resident Evil 4. Ile ya Quest imejengwa juu ya gemu ya 2005. Ile ya miwani ya PlayStation VR2 iliongezwa Desemba 2023 juu ya gemu iliyotengenezwa upya mwaka huo, na inahitaji PS5. Kijiji ni kile kile, lakini picha, ukubwa wa mazingira na namna ya kushika silaha ni vitu viwili mbalimbali. Rivyu ya moja haikwambii lolote kuhusu nyingine. Na usije ukahamia kwenye miwani ya PlayStation ya kwanza, ya 2016, kwa kuwa mitumba yake ni rahisi: gemu za VR2 haziingii humo, na za kwake haziendi VR2 mpaka mtengenezaji atoe toleo jipya.

Tarehe ya rivyu nayo ihesabu kama sehemu ya kifaa. Onward, gemu ya vita ya vikosi, ilipoletwa Quest mwaka 2020, toleo la kompyuta lilishushwa ubora wa picha ili watu wa pande zote mbili wacheze pamoja. Watu wa kompyuta walikasirika, wakamwaga rivyu mbaya kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta. Aliyesoma sifa za 2019 akanunua mwishoni mwa 2020 alikuta gemu nyingine yenye jina lile lile. Kwa hiyo panga maoni kuanzia mapya, soma kumi ya juu, ndipo uangalie wastani wa nyota. Wastani unabeba watu wa miaka mitano nyuma waliovaa vifaa ambavyo leo havipo hata sokoni.

Kwenye duka la Meta, fungua ukurasa wa gemu, shuka mpaka kwenye maelezo, utakuta imeandikwa miwani inayokubalika. Ya kwako isipokuwamo, umemaliza, usisome zaidi. Kwenye Steam kila rivyu inaonyesha saa alizocheza aliyeandika; mtu wa dakika ishirini kwenye gemu ya saa kumi na tano bado yuko mlangoni, sifa zake na matusi yake vyote viweke pembeni. Maduka yote mawili yanarudisha hela ukidai ndani ya siku 14 na hujazidisha saa 2 za kucheza. Hizo saa mbili ndizo rivyu ya maana kuliko zote, maana kifaa ni chako. Usizipoteze: Steam inahesabu dakika hata ukiiacha gemu wazi kwenye menyu ukaenda kula.

Jambo ambalo rivyu nyingi zinalipita juu juu ni kichefuchefu. Anayevaa miwani kila siku kwa miaka tumbo lake limeshazoea, atakwambia "mwendo ni laini, safi kabisa", nawe dakika ya saba umekaa chini jasho la baridi linakutoka. Sababu ni kwamba macho yanaona unatembea na sikio la ndani linasema umesimama. Kwa hiyo gemu inayotembeza mwili kwa kijiti cha pedi ndiyo mbaya zaidi kwa mgeni, na ile unayosimama pale pale, kama Beat Saber, ndiyo rafiki. Meta huweka kwenye ukurasa wa gemu alama ya utulivu yenye ngazi tatu, kuanzia tulivu mpaka kali. Anza na ya chini. Ndani ya mipangilio ya gemu chagua kuhama kwa kuruka kutoka sehemu moja hadi nyingine badala ya kuteleza, na kugeuka kwa vipande badala ya mzunguko laini. Mdomo ukianza kujaa mate, vua hapo hapo. Kujikaza kunafanya mwili uichukie hata miwani yenyewe.

Halafu kuna umbali kati ya mboni za macho. Lenzi lazima zikae mbele ya mboni zako, na Quest 2 na Quest 3S zina nafasi tatu tu za kuzisogeza, milimita 58, 63 na 68; Quest 3 ina gurudumu la kurekebisha kidogo kidogo. Mtu mwenye 71 akivaa Quest 2 anaweza kuona ukungu na kuumwa kichwa, kisha akaandika "gemu hii picha zake mbovu". Gemu haina kosa. Hii nayo utaijua tu kama ametaja kifaa.

Kama bado unataka mtumba, tafuta Quest 2 kwenda juu, na usiamini boksi. Quest 2 ni nyeupe, uso wake wa mbele ni mtupu na kamera nne ziko kwenye kona. Quest 3S nayo mara nyingi ni nyeupe, ila mbele ina vikundi viwili vya kamera vyenye umbo la pembetatu. Quest 3 mbele ina sehemu tatu zenye umbo la kidonge, zimesimama wima. Nenda na betri mbili za AA, kila pedi inakula moja, na washa hotspoti ya simu yako. Mwambie aifute mbele yako: miwani ikiwa imezimwa, shika kitufe cha kuwashia pamoja na cha kupunguza sauti mpaka menyu itokee, chagua kurudisha ya kiwandani. Kisha iunganishe na akaunti yako kupitia programu ya Meta kwenye simu, ukiwa umesimama hapo hapo dukani. Ikigoma, ondoka. Pedi ziweke mezani bila kuzigusa; kishale kikitembea chenyewe, kijiti kimechoka.

Kisha fungua ukurasa mweupe kwenye kivinjari chake, uvae, uangalie taratibu jicho moja moja. Hapa usikubali kuharakishwa. Ukiona nukta ya manjano, au kijimstari chembamba kama kimechorwa kwa sindano ya moto, na kinabaki pale pale hata ukigeuza kichwa, hilo ni jua. Lenzi za VR zinafanya kazi kama kile kioo cha kukuzia tulichochomea karatasi shuleni: mwanga ukiingia kwa upande wa macho unakusanywa na kuunguza skrini, na haichukui muda mrefu. Miwani iliyopangwa nje ya fremu lenzi zikitazama juu, au iliyobebwa kwenye kiti cha bodaboda bila kufunikwa, inaweza kuwa imeungua huku ikionekana mpya. Haitengenezeki kwa kufuta, na kila gemu utakayocheza itakuwa na hilo doa. Kwa hiyo wazo la Coco Beach mchana liweke kando, mkuu. Upepo na mchanga tungeweza kubishana. Jua la saa saba halina mjadala.

Nyumbani safisha eneo la mita 2 kwa 2, taa iwake, maana kamera za miwani nyingi zinahitaji mwanga ili zijue uko wapi chumbani. Umeme ukikatika usiku zinaweza kukupoteza. Zima pangaboi kabla hujainua mkono. Feni ya chini iweke mbele yako: inapunguza jasho kwenye lenzi, na upepo ukikupiga usoni unajua mbele ni wapi.

Mpira: EA FC haina toleo la VR, anayekuonyesha video yake amekuunganishia picha. Zipo za golikipa, kama CleanSheet Football, unadaka kwa mikono yako mwenyewe na ni kazi ya kutoa jasho kweli. Lakini hata hiyo, kabla hujasoma sifa zake, fungua ukurasa wake uone kama miwani unayotaka kununua imo.

Umesema unakwenda Jumamosi. Ukifika, kabla ya kutoa chochote, iwashe, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya maelezo ya kifaa, piga picha ya jina la modeli uiweke kwenye uzi huu. Nitakuwa hapa mchana wote.