Kabla Hujamwita Mvivu, Muulize Amekula Nini

Nimefundisha wasichana wa sekondari masomo ya ziada kwa muda mrefu, na malalamiko ya wazazi ni yale yale: binti anakesha na vitabu lakini hakuna kinachoingia kichwani. Mimi huanza kwa kumuuliza amekula nini tangu aamke. Mara nyingi ni chai ya rangi tu, au hajatia kitu mdomoni kwa kuogopa kunenepa.

Ubongo peke yake hutumia karibu asilimia 20 ya nguvu za mwili uliotulia. Aliyeacha kifungua kinywa utamjua ikifika saa nne asubuhi: aya moja anairudia na kuirudia, kila sentensi kaipigia mstari, ila ukimuuliza inahusu nini anabaki kukutazama. Jioni anakula kwa pupa, anasinzia juu ya daftari, kisha anajiamsha kwa kahawa. Kahawa ya saa mbili usiku huweza kumnyima usingizi hata kwa muda wa saa sita. Asubuhi anaamka kachelewa, hana hamu ya kula.

Halafu kuna madini ya chuma, ambayo wengi (akina baba hasa, mnisamehe) hawayafikirii. Msichana wa miaka 14 hadi 18 anahitaji takriban miligramu 15 kwa siku. Mvulana wa rika lake 11. Tofauti hiyo inatokana zaidi na damu ya hedhi. Yakipungua, binti huchoka haraka na kushindwa kutulia kwenye somo, na nyumbani anaitwa mvivu. Nyama, maharage na mboga za majani husaidia, hasa akila na chungwa au tunda jingine lenye vitamini C. Chai asinywe pamoja na chakula, kwani huzuia chuma kufyonzwa. Asubiri kama saa moja.

Kuhusu ratiba sina mengi. Hesabu zisifanywe tumbo likiwa tupu, wala mara tu baada ya kushiba sana. Yai au karanga kabla ya kukaa mezani zinatosha.

Na tafadhali, mwili wake usiwe mazungumzo ya mezani. Utani wa "umenenepa" nimeuona ukimfanya binti aache kula mchana kwa muhula mzima.

Uchovu usipoisha, hedhi ikiwa nzito, au akianza kujificha wakati wa kula, mpeleke hospitali. Apimwe damu kwanza. Vidonge vya chuma asipewe kwa kukisia.