Stenlesi ni stenlesi? Sio ukijenga karibu na bahari

Hapa Tanga kusi ikivuma, ukipitisha kidole kwenye kioo cha dirisha unapata chumvi. Kwa hiyo ushauri huu ni kwa wanaojenga pwani; wa Dodoma mnaweza kupumua kidogo.

Ukiacha dhahabu, metali karibu zote tunazojengea hushambuliwa na hewa na unyevu. Zinapotofautiana ni baada ya hapo. Kutu ya chuma cha kawaida huvimba, ina vinyweleo, na hubanduka, maji yakapata njia ya kwenda ndani zaidi. Nondo ikivimba hivyo hupasua hata zege. Alumini huungana na oksijeni upesi kuliko chuma, ila utando wake ni mwembamba mno, mgumu, na umeng'ang'ania. Ukiukwaruza, mwingine unajijenga papo hapo.

Stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu kirahisi, nayo inaishi kwa ngozi ya namna hiyo, inayoletwa na metali ya kromiamu iliyochanganywa humo, isiyopungua asilimia 10.5. Tatizo ni chumvi: kloridi iliyomo ndani yake hutoboa ngozi hiyo mahali padogo padogo. Reli za ngazi nyingi mtaani kwetu zina vidoa vya rangi ya chai, hasa kwenye maungio, na wenyewe wanalalamika wameuziwa feki. Mara nyingi si feki, ni namba 304 (namba hizi hutaja aina ya stenlesi). Inafaa sana jikoni, ila nje, mbele ya bahari, omba 316, ambayo imeongezewa metali iitwayo molibdenamu asilimia 2 hadi 3 ili ngozi isitobolewe kirahisi. Bei inauma, najua.

Na usidanganywe na kipimo cha sumaku, eti isiposhika basi ni stenlesi nzuri. Kwa kawaida sumaku haishiki 304 wala 316, na hata 201, ile ya bei nafuu yenye nikeli kidogo, haishiki. Dai karatasi ya kiwandani inayotaja namba.

Zinki ya kwenye mabati na mabomba inafanya kazi tofauti kabisa: yenyewe inaliwa ili chuma kipone, hata palipokwaruzika kidogo. Ikiisha, basi. Ndiyo maana geti la mabomba ya zinki huanza kutu pale fundi alipochomelea, kwa sababu moto umeunguza zinki yote (ule moshi mweupe ndiyo yenyewe, msiuvute). Mimi humwambia fundi asugue maungio kwa brashi ya waya mpaka yang'ae, kisha apake rangi yenye zinki nyingi kabla ya rangi ya kawaida. Wengi wanaona namsumbua.

Halafu kuna sehemu watu hawaziangalii: chini ya upenu, nyuma ya grili, bawaba za juu. Mvua haifiki kuosha chumvi, kwa hiyo kutu huanzia huko, wakati upande unaonyeshewa bado ni mzima. Kuosha kwa mpira wa maji yasiyo na chumvi kila baada ya wiki chache unatosha, hata kwa hiyo 316.