Nyumba Hii Haiuzwi

Barua za mwezi huu karibu zote ni za nyumba. Masika yakipita na mwenye nyumba akipandisha kodi, kila mpangaji wa Dar es Salaam huanza kupiga hesabu ya kununua yake.

Shikamoo. Madalali wamenizungusha wiki tatu, Tabata hadi Segerea, kila safari elfu kumi ya "kwenda kuona". Nikifika, nyumba siyo niliyoelezwa. Nifanyeje? (Mama Wawili, Buguruni)

Marahaba. Kwanza acha kuitoa hiyo elfu kumi. Dalali mwenye nyumba ya kweli husubiri chake siku ya mauzo, tena mara nyingi na cha juu ameshakiweka. Chagua mitaa miwili unayoiweza, kisha itembee kwa miguu mwenyewe. Kaa kwa mama ntilie, ongea na fundi, muulize mwenye duka nani anauza na kwa nini anauza. Rudi saa mbili usiku usikie baa ya jirani, na siku nyingine alfajiri uone daladala zinavyojaa.

Muuzaji amenionyesha nakala ya hati. Mwenyekiti wa mtaa anamfahamu, anasema tuandikishane ofisini kwake, wao wachukue asilimia kumi ya bei. Inatosha? (Juma, Kigamboni)

Haitoshi, Juma. Umewahi kuona ukuta umeandikwa kwa rangi nyekundu NYUMBA HII HAIUZWI? Hapo ujue kuna mtu, aghalabu wa ukoo huohuo, aliyekwisha kujaribu kuiuza. Na alikuwa na nakala pia.

Dai hati yenyewe, siyo nakala. Chukua namba yake ukaombe upekuzi ofisi ya Msajili wa Hati. Ada yake ni ndogo ukilinganisha na unachokinunua. Majibu yatakuambia jina la mmiliki, kama nyumba imewekwa rehani benki, na kama kuna mtu ameweka zuio. Tazama na miaka iliyobaki. Hati hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99; ya miaka 33 iliyoanza 1996 inakwisha 2029, kwa hiyo mwenzio anakuuzia mkia. Dai pia risiti za kodi ya pango la ardhi. Kodi ya majengo isikusumbue sana, tangu 2021 inakatwa kwenye umeme wa LUKU.

Halafu muulize mkewe yuko wapi. Sheria ya Ndoa ya 1971 haimruhusu mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. "Yuko kijijini, hana neno" siyo ridhaa; aje asaini, au akasaini mbele ya wakili huko aliko. Ikiwa nyumba ni ya marehemu, anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, siyo kaka mkubwa kwa ukubwa wake. Mimi hapo hukutana na warithi wote hata kama barua ya mahakama ipo, maana anayenuna leo ndiye atakayefungua kesi kesho.

Mwenyekiti ni shahidi mzuri wa ujirani, lakini hana daftari la hati. Na hiyo asilimia kumi, mwombe akuonyeshe sheria inayoidai.

Niko Muscat, nafanya kazi za ndani. Kaka yangu amepata nyumba Chanika, anataka nitume hela yote haraka, kuna mteja mwingine. (Dada wa Oman)

Pole na kazi, mdogo wangu. Huyo "mteja mwingine" yupo katika kila nyumba inayouzwa nchini, sijui hulala lini. Usitume yote. Mkataba uandikwe kwa jina lako, kaka asaini kwa hati ya uwakilishi uliyompa wewe, na hela iende akaunti ya muuzaji moja kwa moja, kwa awamu: sehemu baada ya upekuzi, iliyobaki jina linapohamishwa. Kabla ya jina kuhamishwa, muuzaji lazima amalizane na mamlaka ya mapato, TRA, kodi ya ongezeko la mtaji, yaani ya faida anayopata kwa kuuza. Mkubaliane mapema ni yeye anayelipa, vinginevyo utajikuta unalipa wewe. Kaka akikasirika, mwambie wakili ndiye anayetaka hivyo.

Nyumba iko bondeni, nzuri, bei ya kutupa. Nimeiona Agosti, pakavu kabisa. (Msomaji, Kigogo)

Agosti hata bonde la Jangwani ni uwanja wa mpira. Gusa ukuta chini ya dirisha; rangi mpya iliyoishia kiunoni inaficha mstari wa maji. Kisha pima toka kingo za mto: Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 watu wa mabondeni walihamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Ukiwa kandokando ya barabara kuu, uliza hifadhi ya barabara nayo inaishia wapi. Waliobomolewa Kimara mwaka 2017 wengi walikuwa na nyumba za maana.

Muuzaji ana leseni ya makazi mkononi, siyo hati. Ninunue? (Asha, Manzese)

Unaweza, lakini usilipe bei ya hati. Leseni ni ya miaka michache na huhuishwa.

Pagale au nyumba iliyokamilika? (Bila jina)

Pagale, kama una fundi unayemwamini. Huna? Basi nunua iliyokamilika, uingie na godoro lako.