Hatua mbili za Lancelot na mkokoteni wa mke wangu

Mke wangu ni mama lishe. Jumamosi huwapikia mafundi wa majengo yanayojengwa mtaa wa pili, kwa hiyo alfajiri vyombo hupakiwa kwenye mkokoteni: masufuria, jiko la mkaa, ndoo za maji, mabenchi mawili. Kuna kijana anayeusukuma, naye analipwa kwa safari.

Masika moja, miaka sita iliyopita, mkokoteni huo ulikwama kwenye tope la kile kilima cha kwetu. Mimi nilikuwa nateremka na mwenzangu wa ofisini, mtu ninayemheshimu sana, nimevaa shati langu jeupe. Mke wangu akaniona. “Baba watoto! Hebu njoo utushikie kwa nyuma.”

Nikatoa simu mfukoni, nikaitazama kama mtu aliyeletewa ujumbe wa haraka. Sekunde tatu, labda nne. Halafu nikakunja suruali, nikaingia topeni, nikasukuma mpaka juu. Shati liliharibika. Moyoni nikajipa alama zote.

Tangu siku hiyo nyumbani kukawa na ubaridi. Chai naipata, salamu napewa, lakini mtu mwenyewe hayupo. Miezi minne baadaye mama mkwe akaugua. Nilikopa, nikalala wiki nzima kwenye sakafu ya hospitali, nikabeba kila kilichohitaji kubebwa. Mama alipopona nikasema sasa angalau nitashukuriwa. Nikamuuliza mke wangu nimemkosea nini hata nastahili kisogo. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

“Siku ile simu haikuita.”

Basi. Akaendelea na mchele wake.

Wakati huo ndipo nilipoelewa kisa nilichokisoma chuoni na kukijibia mtihani bila kukielewa hata kidogo. Ni utenzi wa Kifaransa cha kale, mishororo ipatayo 7,000, ulioandikwa na Chrétien de Troyes miaka ya 1170 na kitu. Unaitwa Shujaa wa Mkokoteni. Mwanzoni kabisa Chrétien anasema kisa chenyewe na maana yake alipewa na bibi mkubwa wa kasri, Marie wa Champagne. Huyu Marie alikuwa kitukuu wa Guillaume wa Aquitaine, mtawala aliyefariki 1126 na ambaye ndiye malenga wa kwanza wa Kioksitani, lugha ya kusini mwa Ufaransa, ambaye nyimbo zake zimetufikia. Kwa hiyo mashairi ya mapenzi yalikuwa ya ukoo. Tena mwaka 1883, msomi Gaston Paris alipoandika kuhusu utenzi huuhuu, ndipo alipolipa umaarufu jina ambalo walimu wetu wanalitumia mpaka leo: mapenzi ya kasri, yaani yale ya shujaa anayemtumikia bibi wa kasri kwa utiifu.

Kisa chenyewe ni hivi. Malkia Guinevere, mke wa Mfalme Arthur wa ngano za kale za Uingereza, ametekwa na Meleagant, mwana wa mfalme wa nchi nyingine. Shujaa mmoja anawafuata mbio mpaka farasi anamfia. Anabaki anatembea kwa miguu, na deraya nzito mwilini, ndipo anapomkuta kibeti anaendesha mkokoteni. Anamuuliza habari za malkia. Kibeti anamjibu: panda, kesho utajua yaliyompata.

Sasa mkokoteni ule si wa kubebea viazi. Chrétien anatueleza kwamba zamani hizo kila mji ulikuwa nao mmoja tu, wa kuwatembezea wauaji, wezi na walioshindwa katika mapigano ya kuamulia kesi. Ukishapandishwa humo, heshima yako imekwisha. Hakuna atakayekupokea tena kasrini. Watu wakiuona walikuwa wanapiga ishara ya msalaba.

Shujaa anasita. Akili inamwambia usipande utaaibika, Mapenzi yanamwambia panda upesi. Mwandishi anasema Akili ilikuwa mdomoni tu, Mapenzi yalikuwa moyoni. Anapiga hatua mbili, kisha anapanda. Rafiki yake Gawain, aliyekuwa na farasi, anakataa katakata na kufuata nyuma na heshima zake.

Baada ya hapo anazomewa kila mji. Anavuka daraja ambalo ni upanga mtupu, mkali, urefu wa mikuki miwili, kwa viganja na nyayo zisizo na kitu, na anafika ng’ambo anavuja damu mikononi, magotini na miguuni. Anapigana na Meleagant na majeraha hayohayo. Na mpaka hapo, karibu katikati ya utenzi, hatujaambiwa jina lake. Malkia ndiye anayelitaja kwanza, akiwa dirishani: Lancelot.

Halafu analetwa mbele ya malkia, na malkia anakataa hata kumtazama. Baadaye, Lancelot anapopata ujasiri wa kuuliza kosa lake, anajibiwa kwamba aliuonea aibu mkokoteni, alichelewa hatua mbili.

Chuoni tulicheka. Tukasema wanawake hawaridhiki. Ndugu yangu unayesoma hapa, ukifika mahali hapo ukacheka, endelea tu kusoma, siku yako itafika.

Ninachowashauri vijana wanaoniuliza ni kwamba wasiishi wakisubiri daraja. Wengi wetu tunadhani mapenzi ya kiungwana ni jambo kubwa litakalotokea siku moja: ugonjwa, deni, moto, na sisi tutajitosa. Na kweli tunajitosa, kwa sababu darajani watu wanatazama na wanashangilia. Kwenye mkokoteni watu wanatazama na wanacheka. Mke wangu hakuwa na shaka kwamba ningelala hospitalini. Alichotaka kujua ni kama naweza kuonekana naye akiwa na masizi usoni, mbele ya mtu wa ofisini, bila kwanza kupima hasara.

La pili, daraja halilipii zile hatua. Hapa ndipo nilipopotea kabisa. Nilifikiri wiki moja ya sakafuni imefuta zile sekunde nne. Ni hesabu mbili tofauti. Lancelot mwenyewe, na hili ndilo linalonifanya nimheshimu kuliko upanga wake, hasemi “lakini nilivuka daraja.” Anakiri kosa, anaomba radhi, imekwisha. Mimi nilianza na “lakini.” Nikarudishwa mwanzo.

Msichukue kila kitu, hata hivyo. Guinevere ni mke wa mtu, na mume huyo ni bwana wake Lancelot. Kasri zima linakaa juu ya uongo. Kuna pia mashindano ya mapigano ya mashujaa, yanayoitwa ya Noauz, ambapo malkia anamtumia ujumbe apigane vibaya kwa makusudi, naye anakubali kudhalilika kutwa nzima mpaka aambiwe vinginevyo. Wengine huona huo ndio utiifu wa hali ya juu. Mimi naona ni mchezo, na ukichezewa hivyo nyumbani kwako, ongea na wazee. Chrétien mwenyewe hakuumaliza utenzi. Mwisho wake aliuandika Godefroi de Leigni, kwa ridhaa yake. Ukitaka Chrétien wa wanandoa, soma kisa cha Yvain, aliyempa mkewe ahadi ya kurudi ndani ya mwaka mmoja, akanogewa na mashindano hadi siku ikapita, akavuliwa pete mbele ya watu na kuingia wazimu msituni. Kinawahusu sana wanaofanya kazi mikoa ya mbali.

Nilimsimulia mke wangu habari za Guinevere. Nilidhani atafurahi kupata mwenzake. Akasikiliza mpaka pale ambapo uvumi unaenea kwamba Lancelot ameuawa, malkia anaacha kula kwa kujuta, naye Lancelot anasikia malkia amekufa na kujaribu kujinyonga.

“Huyo naye,” akasema, “neno moja tu lilikuwa linamtosha. Kulikalia moyoni mpaka watu wanataka kufa!”

Sikumkumbusha habari ya miezi minne. Alijikumbusha mwenyewe, maana alinyamaza kidogo, kisha akaniongezea ndizi.

Siku hizi Jumamosi nasukuma. Yule mwenzangu wa ofisini amekuwa mteja wa wali maharage. Wiki iliyopita tulikuwa katikati ya kilima, mikono yangu yote miwili ikiwa kwenye ubao wa nyuma, simu ikaanza kuita. Ikaita ikakatika, ikaita tena.

“Si upokee,” akasema mke wangu.

“Tufike juu kwanza.”

“Haya, sukuma. Jiko linateleza upande wako.”