Maswali na majibu: Miaka mingi jukwaani, medali hakuna

Maswali yamejaa tena, na nusu yake ni kreatini, ile poda ya kuongezea nguvu mazoezini. Hilo nitalimaliza haraka. Leo nimechagua ya walioumia, walioshindwa na wanaokaribia kukata tamaa, maana mtunisha misuli asiyetumia dawa za kukuza misuli huishi huko sehemu kubwa ya maisha yake.

Mwaka wa sita huu nashindana bila dawa, kila msimu, na sijawahi kuingia tano bora. Kocha anasema majaji wana watu wao. Niendelee?

Majaji wenye watu wao wapo, sikatai. Lakini umenitumia picha za misimu mitatu, na ukiziweka pamoja huwezi kujua ipi ni ya mwaka gani. Mabega yaleyale, mapaja yaleyale. Hiyo si hila ya majaji. Kila mwaka unatumia miezi mitano kupunguza mwili, mitatu au minne kurudisha afya, kisha unaanza kujinyima upya. Misuli unaijenga lini? Mtu aliyekwisha kufanya mazoezi ya maana kwa miaka sita, akiongeza kilo moja ya misuli kwa mwaka mzima wa kula vizuri, ashukuru. Wewe hujajipa hata huo mwaka mmoja.

La pili lipo kwenye picha za nyuma. Kwa mbele unapendeza: tumbo limegawanyika, kifua kina mistari. Majaji wakisema "geuka nyuma", hapo ndipo unapoanguka. Chini ya mgongo bado kuna tabaka la mafuta, makalio ni laini, na nyuma ya mapaja hakuna mgawanyiko wowote. Kwa wanaume wengi mafuta ya hapo ndiyo ya mwisho kutoka, kwa hiyo washindani wawili wakikaribiana, jicho la jaji linakimbilia hapo. Wewe unachelewa kuanza maandalizi, halafu wiki za mwisho unashusha chakula ghafla na kupoteza misuli badala ya mafuta. Kasi inayofaa ni nusu asilimia hadi asilimia moja ya uzito wa mwili kwa wiki. Mwenye kilo 80 asizidishe gramu 800. Piga hesabu kilo zako za kutoa zinataka wiki ngapi, kisha ongeza wiki nne za mikosi: mafua, safari, msiba.

Kwa hiyo endelea, ila usishindane mwaka huu wala mwakani. Najua utachukia. Wengi ninaowaambia hivi hujiandikisha wiki inayofuata.

Kreatini itanifelisha kwenye kipimo cha dawa?

Hapana. Gramu 3 hadi 5 kwa siku, saa yoyote, na swali hili lisirudi tena. La kuogopa ni makopo yanayoahidi miujiza: uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004 ulipima virutubisho 634 kutoka nchi 13, na 94 vikakutwa na homoni ambazo hazikuandikwa kwenye lebo. "Sikujua" haimsaidii mtu mkojo ukishapimwa.

Msuli wa kifua ulichanika nikiwa kwenye benchi, nikafanyiwa upasuaji miezi miwili iliyopita. Daktari anasema vyuma vizito nisiguse hadi mwezi wa sita baada ya upasuaji, lakini nahisi nguvu zimerudi. Nianze taratibu?

Kilichotokea ni maumivu kuondoka. Nguvu ni habari nyingine. Msuli hupata damu nyingi na huwahi kupona, kano, inayoushika msuli kwenye mfupa, hupata kidogo na hujivuta. Wanaochanika tena ni hawa hawa waliojisikia vizuri mapema, na mara nyingi huwa ni pale chuma kinaposhuka kuelekea kifuani, si kinapopanda.

Kazi unayo tele. Fanya miguu kwenye mashine, kwa ruhusa ya daktari. Fanya mkono usioumia peke yake. Kuufanyisha kazi upande mmoja husaidia ule uliolala usipoteze nguvu nyingi. Misuli iliyowahi kujengwa hurudi upesi kuliko ilivyojengwa mara ya kwanza, hilo lisikunyime usingizi. Ila nisikudanganye: kifua kilichoshonwa kinaweza kubadilika umbo, na ulinganifu unahesabiwa. Utumie muda huu mbele ya kioo kujifunza mikao. Wako wanaopoteza nafasi kwa sababu miguu inatetemeka na pumzi wameibana hadi uso umekunjamana, kosa ambalo halihitaji hata chuma kimoja kulirekebisha.

Rafiki anasema nipige mzunguko mmoja tu wa sindano za steroidi, homoni za kukuza misuli, nivuke hapa nilipokwama, kisha nirudi kwenye asili. Kuna ubaya?

Upo. Shirikisho kama WNBF, la watunisha misuli wasiotumia dawa, linadai miaka 10 bila dawa kabla ya kupanda jukwaani, na lina mashine ya kugundua uongo pamoja na kipimo cha mkojo. Ukichoma leo, rudi baada ya miaka kumi. Ukirudi kabla, wewe ni mwizi wa nafasi ya mtu. Anayetumia dawa na kushindana na wenzake wanaotumia namheshimu kuliko wewe unayepanga kujificha.

Lakini nadhani shida yako ni miili unayoitazama kwenye simu. Mwaka 1995 watafiti waliwapima wanaume 157, wanaotumia steroidi na wasiotumia. Walichukua kilo za mwili bila mafuta, wakagawa kwa kimo kilichozidishwa kwa kimo. Wasiotumia waliishia kwenye 25 hivi. Kwa mtu wa mita 1.80 hiyo ni kilo 81 bila mafuta. Si mpaka usiovukika, wapo wanaoupita kidogo. Ila yule unayemtazama kila usiku, mwenye kimo hicho na kilo 105 za misuli mikavu, hakufika hapo kwa wali na nidhamu. Acha kumfuata.

Hedhi ilikatika wiki ya kumi ya maandalizi. Miezi mitano tangu shindano haijarudi. Kocha anasema ni kawaida na ananiandaa kwa shindano lingine.

Kutokea ni kawaida. Kupuuzwa ndiyo hatari. Mshindani mmoja asiyetumia dawa, ambaye habari zake zilichapishwa kwenye utafiti wa mwaka 2016, hedhi ilimrudia wiki 71 baada ya shindano. Mwili ukikosa nishati ya kutosha huzima mambo ya uzazi, estrojeni inashuka, na ikikaa chini muda mrefu mifupa inadhoofika. Mfupa haurudi kirahisi kama msuli.

Nenda kwa daktari wiki hii, umweleze kila kitu, pamoja na unachokula na kadio, yaani mazoezi ya pumzi kama kukimbia, unayofanya. Shindano lifute. Na kocha huyo mfukuze. Anayekupangia la pili wakati mwili haujamalizana na la kwanza anatafuta picha ya tangazo lake.

Nikate maji siku ngapi kabla ya shindano?

Sifuri. Karibu robo tatu ya msuli ni maji. Ukiyakata unapanda umesinyaa. Mwaka 1992 Mohammed Benaziza, mshindani wa kulipwa, alifariki baada ya shindano nchini Uholanzi, na kukauka maji kukatajwa pamoja na dawa za kukojoza. Wiki ya mwisho ukiwa bado unatafuta ujanja wa kuonekana mkavu, kinachokusumbua ni mafuta.

Nina miaka 43. Nimechelewa?

Hapana. Kuna daraja la wakongwe, na si dogo.

Wiki saba baada ya shindano nimepanda kilo 13. Uso umevimba, jimu naona aibu kuingia. Nimeharibu kila kitu?

Umekula baada ya njaa ya miezi. Mwanamume mmoja asiyetumia dawa alifuatiliwa miezi 6 kabla ya shindano na 6 baada yake, matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Mapigo ya moyo yalishuka kutoka 53 hadi 27 kwa dakika, testosteroni ikabaki robo ya ilivyokuwa. Homoni zilirudi, lakini nusu mwaka baadaye nguvu zilikuwa bado hazijarudi zote. Wewe unataka uwe sawa kwa wiki saba.

Sehemu ya kilo hizo ni maji, sehemu ni mafuta uliyoyahitaji, na sehemu ni kusimama mbele ya jokofu usiku wa manane. Hiyo ya mwisho inatibiwa kwa saa maalumu za kula, si kwa kuanza kujinyima tena. Mimi nilikuwa nikipanga chakula cha wiki ya baada ya shindano kabla ya shindano lenyewe, kwa kuwa siku hiyo akili huwa haipo. Kama unakula kwa kujificha na huwezi kuacha, tafuta mtaalamu. Hilo halimalizwi na kocha.

Mke wangu anasema mchezo huu umenimeza, na medali sina. Nimwambieje?

Usimwambie, muulize. Wiki nane za mwisho unanuna, unapima chakula kwenye mizani watoto wakisubiri, mialiko unakataa yote, saa mbili usiku umelala. Yeye ndiye anayeishi na hayo. Kubalianeni msimu mmoja kila baada ya miaka miwili au mitatu, tarehe aijue mwaka mzima kabla, na awe na haki ya kukataa. Akikataa mwaka huu, umepata miezi kumi na miwili ya kujenga mgongo, ambao kwa picha ulizotuma unauhitaji sana.